Mfuko wa Pili wa Matufaa

Oktoba iliyopita mama aliamka akasema anataka matufaa. Si ya dukani, alisisitiza, ya kuchuma kwa mkono. Mama siku hizi anaishi nami hapa Laurel, Maryland, na anapotaka kitu huwa naharakisha kumpa, kwa sababu baada ya muda mfupi anaweza asikumbuke kwamba alikitaka. Nikamwamsha binti yangu, nikajaza chupa ya chai, tukaingia garini sote watatu. Njia ya kwenda shamba la matufaa la utotoni mwangu niliijua bila msaada wa simu, nikajiona hodari, na mwendo mzima nikawa namsimulia binti yangu habari za ghala jekundu, trekta lililotuvuta tukiwa tumekalia majani makavu, na mbwa mzee aliyekuwa akilala mlangoni na kurukwa na kila mtu. Binti yangu aliitikia kama watoto wa huku wanavyoitikia, kwa Kiingereza na bila kuinua macho.

Ghala halikuwepo. Palipokuwa na miti sasa pana nyumba, zote za rangi moja, na vibao vya barabara vimepewa majina ya aina za matufaa, eti ndiyo rambirambi. Nilisimamisha gari mbele ya nyumba ya watu nisiowajua. Binti yangu akaniuliza kama nina uhakika ndipo penyewe. Kabla sijajibu, mama akateremsha kioo, akavuta hewa, akasema ndipo, na miti ya bibi, mama mkwe wake, ilikuwa kule chini bondeni. Hakukosea. Mtu asiyekumbuka chakula cha jana alinyoosha kidole palepale ilipokuwa miti ile. Mwanamume mmoja aliyekuwa akipuliza majani kwa mashine alianza kututazama sana, nikaondoa gari.

Tangu siku hiyo sijatulia. Nafanya kazi ya kusafisha meno ya watu, kazi ya kimya, maana mteja wangu hawezi kunijibu, na katika kimya hicho miti ile hunirudia. Basi keti nikusimulie.

Jina langu ni Doto. Kama wewe ni mtu wa kwetu, wa kule kusini mwa Ziwa, umeshaniuliza swali moyoni, na nakuomba univumilie. Kama ni wa kwingine, kwetu mapacha hawahangaikiwi majina. Anayetangulia kutoka ni Kulwa, anayefuata ni Doto, awe wa kike au wa kiume. Kwa hiyo mtu akikutana na Doto, salamu zikiisha tu, humuuliza Kulwa yuko wapi. Hana nia mbaya. Ni sawa na kuuliza watoto hawajambo.

Mimi lakini nilikulia Lanham, na Lanham hakuna aliyewahi kuniuliza. Shuleni mwalimu alilivuta jina langu mpaka likafanana na la paka, nami nikaitika. Kanisani tulisali na Wakenya wa bara, watu wakarimu sana, ila mambo ya Kulwa na Doto hawakuyajua, wakamwita mama yangu Mama Doto na kumjazia sahani. Shughuli za Watanzania wenzetu mama alizikwepa. Kila tulipoalikwa alikuwa na zamu kazini, au mgongo ulimuuma, na kweli mgongo ulimuuma, kwa kuwa kazi yake ilikuwa kuwainua na kuwalaza wazee wa watu. Baba, aliyekuwa dereva wa teksi, alikwenda peke yake akarudi na pilau iliyofungwa kwenye karatasi ya foili. Hivyo nilifikisha umri wa miaka tisa nikiwa na nusu ya jina, na nikiamini ni jina zima.

Tulikaa ghorofa ya pili. Nyuma kulikuwa na miti michache, na nyuma ya miti ile ilipita Beltway, barabara kuu ya magari, ikivuma usiku na mchana hadi ukaacha kuisikia. Bibi, mama yake baba, alipofika kutoka kwetu aliishi wiki nzima akiuliza mto huo uko wapi tukachote maji. Tulimcheka, naye akatucheka sisi, watu tunaokaa kando ya mto usio na maji. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye mikono mikubwa, asiyeweza kukaa bila kazi. Baraza letu dogo la juu aliligeuza shamba, mchicha ndani ya ndoo za rangi, maboga yakining'inia kwenye vyuma mpaka kwa jirani wa chini.

Na alinipa kila kitu mara mbili. Maandazi mawili, mayai mawili, vikombe viwili vya uji. Nilipomaliza kimoja aliniambia nikae kidogo, nisikimbilie, kisha nile cha pili polepole. Nilidhani ni mapenzi ya bibi tu, na mapenzi yalikuwepo. Lakini mama akiwa mezani, alinyoosha mkono bila kusema neno akaondoa kimoja. Bibi alisubiri mama ageuke, akakirudisha. Baba alipoona hivyo alikumbuka ghafla kwamba gari linahitaji kuangaliwa maji, akatoka nje. Hakuna aliyegombana. Kilirudishwa, kikaondolewa, kikarudishwa tena, na mimi katikati nikinenepa.

Chumbani nililala na bibi kitanda kimoja. Aliniambia nisogee ukutani, naye akajilaza ukingoni kabisa, mguu mmoja nje, akaacha nafasi kati yetu. Nilifikiri ni joto. Wakati wa baridi nafasi ile ilibaki, na shuka lilipoteleza hapo katikati bibi alilinyanyua na kulifunika vizuri, kama kuna mtu. Sikuogopa. Naomba uniamini hapo, maana nikiisimulia leo mwili unanisisimka, ila wakati ule nilizoea, na mara nyingine nilisikia usingizi mzito zaidi mkono wangu ukiwa pale.

Safari za matufaa zilikuwa Jumamosi, majani yalipoanza kupukutika. Baba aliondoka mapema kazini, nasi tukajipanga garini pamoja na jirani yetu Mkenya, mama mmoja wa ghorofa ya chini aliyefanya kazi na mama kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Alikuwa mcheshi, mwenye sauti ya kuongoza kwaya, na gari lilipotoka tu kwenye Beltway alianzisha wimbo na kutulazimisha kuitikia. Tulibeba chapati, mayai ya kuchemsha, karanga za kukaanga na chupa mbili za chai, maana baba alisema hawezi kulipia chakula mahali anapolipia kufanya kazi ya shamba. Jambo hilo lilimshangaza kila mwaka. Kwamba mwenye shamba anakutoza wewe ili umvunie, na unashukuru. Alimweleza mwuzaji pale kwenye meza, mwuzaji akacheka, na bei haikushuka.

Harufu ya pale bado ninayo. Matufaa yaliyoanguka na kuanza kuchacha kwenye nyasi, nyigu wakizunguka, moshi wa kuni, na juisi ya matufaa ya moto yenye mdalasini inayochemka kwenye pipa. Hewa ilikuwa kavu na baridi, meno yalikufa ganzi ulipouma tufaa la kwanza. Bibi alivaa koti la baba juu ya khanga, na soksi ndani ya kandambili, na Wazungu walimpisha njia kwa heshima. Alidharau fito zile ndefu zenye kikapu kwenye ncha. Alikwenda moja kwa moja bondeni, kwenye miti mifupi ambayo wengine waliiacha kwa sababu matufaa yake yalikuwa madogo na machachu, akasema hayo ndiyo yatakayokauka vizuri.

Mlangoni tulipewa mifuko, kila mtu wake. Bibi alichukua wa ziada. Mimi nilichuma nikijaza wangu, na ulipojaa alinipa huo wa pili, akaniambia sasa anza huu, na mti mwingine, usirudie ule. Alisimama karibu akizungumza kwa sauti ndogo kwa Kisukuma. Sikuyaelewa maneno, na nilijua hazungumzi nami. Mara kwa mara nilisikia majani yakikanyagwa nyuma yangu, nyayo nyepesi, za saizi yangu. Niligeuka nikaona miti tu na ngazi imeegemezwa. Bibi akaniambia nisigeukegeuke, nichume.

Mfuko huo wa pili mama hakuugusa. Garini uliwekwa miguuni pa bibi, na hata tulipokosa nafasi, mama aliweka miguu yake juu ya kiti kuliko kuusogeza.

Jikoni kwetu siku zilizofuata palikuwa karakana. Jirani alipanda ngazi akiwa na unga na siagi, akatuokea pai aliyofundishwa na bibi mmoja Mmarekani aliyekuwa akimhudumia, na kila mwaka alituambia mwaka huu imekubali. Mama alipika jemu kwenye sufuria kubwa ya ubwabwa, akitia tangawizi na iliki mpaka madirisha yakatoa jasho. Alikanda pia maandazi ya iliki yenye vipande vya tufaa ndani, na yalipotoka kwenye mafuta tuliyapokezana mkono kwa mkono tukipuliza vidole. Maganda hayakutupwa, yalichemshwa na majani ya chai. Hayo yote yalitoka kwenye mifuko yetu mingine.

Wa pili ulikuwa wa bibi. Kama unatoka kwetu unaijua michembe, viazi vitamu vilivyomenywa, vikakatwa vipande vyembamba na kuanikwa juani vikauke, viwe akiba ya miezi ya njaa. Bibi alifanya hivyo kwa matufaa. Aliyakata kwa kisu kidogo, akayaanika juu ya shuka barazani, na jua la Maryland lilipomwangusha aliyamalizia juu ya chuma cha joto kilichokuwa chini ya dirisha. Nyumba nzima ilinuka utamu wa kukauka. Jirani alisikitika kweli.

"Haki, shosho, apple fresh hivi unaigeuza kuwa kamba ya kiatu," alimwambia. "Si ungenipea nizibake?"

Bibi alicheka naye, akaendelea kukata. Vipande vilivyokauka alivitia kwenye kopo la biskuti juu ya friji, na mtu yeyote wa kanda ya kwetu aliposafiri kwenda nyumbani alipewa mfuko wa michembe ile apeleke kwa bibi mdogo, ndugu yake, kijijini. Nilidhani ni zawadi ya binamu zangu. Niliwaonea hata huruma, kwamba ng'ambo yote hii na wao wanapelekewa kamba za viatu.

Sasa nakuja kwenye siku yenyewe. Nilikuwa na miaka tisa, siku ya jua kali na upepo, na shamba lilijaa. Nilikuwa nimepotea kidogo kati ya mistari ya miti, na bibi akaniita kwa sauti yake ya kuita ng'ombe, Doto, Doto wee, bonde zima likasikia. Mstari wa pili kutoka kwetu alikuwapo mama mmoja wa Kitanzania, amevaa ushungi na koti refu, pamoja na mumewe, mtu wa ubalozini, na watoto wao. Alisikia jina akaja mbio, uso umemchangamka, jinsi mtu anavyochangamka akisikia lugha yake mahali asipoitegemea. Alimsalimia bibi shikamoo, akamsalimia mama, akanishika mashavu.

"Jamani, kumbe huyu ndiye Doto," alisema. "Na Kulwa yuko wapi?"

Alianza hata kutazama nyuma yetu, akimtafuta. Nami nikatazama. Sikujua Kulwa ni nani, ila nilitazama palepale nilipozoea kusikia nyayo.

Baba aliinamia kamba ya kiatu. Mama alikuwa ameshika tufaa na mkono wake ukabaki juu, kwenye tawi, hakulichuma wala hakuliachia. Jirani yetu alimtazama huyu, akamtazama yule. Ndipo bibi akasema, bila kupandisha wala kushusha sauti, kwamba Kulwa alitangulia, alikuwa bado mdogo, homa ilimchukua.

Yule mama hakutahayari, wala hakuomba radhi kupita kiasi. Alisema pole mama, poleni sana. Kisha akafungua mfuko wake mwenyewe, akachagua tufaa zuri akaniwekea kwenye mkono wa kulia, akachagua jingine akaniwekea kwenye wa kushoto. Hakuna aliyemwelekeza. Nikasimama pale na matufaa mawili, na kitu kikanigonga kifuani, kwamba basi si mapenzi ya bibi tu, kuna hesabu ambayo watu wote wanaijua isipokuwa mimi.

Mama aliliachia tawi. Akashika njia kati ya miti, haraka, koti likinasa kwenye matawi, mpaka tukaona mgongo wake tu, kisha hata mgongo hatukuuona. Baba alitaka kumfuata, bibi akamwambia amwache. Jirani alinipandisha kwenye lile tela la trekta, akanikumbatia, tukazunguka shamba lote mara nyingi kuliko tulivyolipia. Sikulia. Nilikuwa nasema jina lile kimyakimya, kuona kama mdomo wangu unalijua.

Tulirudi Lanham hakuna aliyeimba. Kulikuwa bado na mwanga tulipofika. Bibi aliketi kwenye meza ya jikoni akamimina mfuko wa pili, akaanza kumenya kama ilivyo ada, nami nikakaa karibu nikisubiri kufukuzwa. Mama aliingia akasimama mlangoni na koti lake mwilini. Nilijua wanajua kwamba nipo. Nadhani waliamua hapo hapo, bila kuambizana, kwamba nibaki.

Mambo yalivyokuwa niliyapata jioni ile vipande vipande, na mengine baba aliniongezea baadaye. Baba ndiye aliyetangulia kuja Marekani. Mama akamfuata, akituacha mimi na Kulwa kwa bibi kwa muda mfupi tu, mpaka karatasi zikamilike. Muda mfupi ukarefuka. Tulikuwa tumeanza kutamka maneno ya kwanza Kulwa alipopata homa, msimu wa mvua, barabara imekatika. Bibi alimbeba mgongoni mpaka zahanati, akamrudisha mgongoni. Mama alipopigiwa simu alikuwa hapa, na angeondoka asingeweza kurudi, na mimi nisingeweza kuletwa. Watu wazima wakamshauri abaki. Akabaki. Mtoto wake akazikwa yeye akiwa amemshika mzee wa mtu mwingine, anambadilisha mashuka. Hakumsamehe bibi, na hakujisamehe, akachagua kukaa mahali ambapo hakuna atakayeuliza. Nchi nzima ilimsaidia kunyamaza. Halafu bibi akaja, akaanza kuweka andazi la pili mezani.

Mama aliuliza, akitazama vile vipande, kama ndivyo vinavyopelekwa nyumbani kila mwaka. Bibi alisema ndivyo. Tufaa bichi halifiki, lingeoza njiani, lakini likikauka linafika. Watoto wa pale huketi karibu na Kulwa wakala, na cha kwake wakamwachia juu ya udongo.

"Kwa nini hukuniambia?" mama aliuliza.

"Ungenisikia?" bibi akasema.

Mto wetu usio na maji ulivuma nje. Mama alipofungua tena kinywa sauti yake ilikuwa ya mtoto.

"Yuko upande gani?"

Bibi aliweka kisu chini. Aliokota ganda refu la tufaa, akalizungusha juu ya meza likawa duara. Huu, alisema, ni uzio wa minyaa. Akaweka kipande hapa, nyumba yangu. Akaweka ganda fupi pale, zizi. Hapa mihogo, hapa njia ya kwenda kisimani. Kisha akatoa mbegu moja kutoka kwenye tufaa, akaifuta kwenye khanga yake, akaiweka ndani ya uzio, nyuma kidogo ya nyumba.

"Huyu hapa. Kichwa kimeelekea mlangoni kwangu, ili akiita nimsikie," alisema. Akavuta kiti. "Kaa, Mama Kulwa."

Sikuwahi kusikia mama akiitwa hivyo. Ni jina lake, la mzaliwa wa kwanza, alilopaswa kuitwa na dunia nzima tangu siku tuliyozaliwa. Mama aliketi. Aliweka kidole karibu na ile mbegu, bila kuigusa, akalia kilio ambacho jirani wa chini alikisikia, maana alipanda ngazi akafika mlangoni, akaona, akashuka taratibu. Bibi naye alilia. Walilia hivyo kila mmoja kwenye kiti chake, kisha mama akafuta uso kwa mkono wa koti, akachukua kisu cha pili, akavuta tufaa kutoka kwenye mfuko asioutaka. Alikata vyembamba kuliko bibi. Bibi alimwambia hivyo, na mama akasema mikono yako imezeeka, na huo ndio ukawa mwisho wa vita vyao.

Miaka iliyofuata mfuko wa pili aliubeba mama mwenyewe. Bibi alipofariki, alipelekwa kuzikwa nyumbani, na karatasi za mama wakati huo zilikuwa sawa, akamsindikiza. Aliporudi nilimuuliza alichokiona. Akaniambia bibi hakukosea, kila kitu kilikuwa pale alipokiweka mezani.

Sasa hesabu nami kilichobaki. Baba ametangulia. Jirani yetu amehamia Texas kama nusu ya Wakenya tuliokuwa nao. Kule nyumbani, watoto waliokula michembe yetu ni watu wazima walioko mijini, na bibi mdogo hayupo, na kiwanja kina mwenyewe mwingine, sijui kama minyaa ameiacha. Shamba la matufaa limekuwa mitaa yenye majina ya matufaa. Niliamini angalau mama amebaki, kisha naye akaanza kutoweka akiwa ameketi mbele yangu, leo jina la mtaa, kesho jina la mumewe.

Jioni ile ya Oktoba, tulipotoka kule mikono mitupu, nilisimama dukani nikanunua matufaa madogo machachu. Tuliketi mezani hapa Laurel, mimi na mama, na mikono yake ilikumbuka yote. Ilimenya, ikakata vyembamba, huku macho yake yakitazama mahali pengine. Binti yangu alikuwa kwenye kochi, vidude masikioni. Kisha nikaona mama anagawa vipande, fungu hili, fungu lile, sawasawa. Akainua uso.

"Doto," alisema. "Kulwa yuko wapi?"

Maishani mwake hakuwahi kuniuliza. Alihama bara ili asiulizwe. Nikafanya nililolijua. Niliokota ganda refu, nikalizungusha, nikamwambia huu ni uzio, hapa nyumba ya bibi, hapa mihogo. Nilikuwa natafuta mbegu aliponizuia. Alisukuma maganda pembeni kwa kiganja, bila hasira, kama mtu anayefuta meza wageni wanapokaribia.

"Sikuulizi huko," alisema. "Chakula kiko tayari. Mwite ale."

Ningefanyaje? Niliinuka nikafungua mlango wa baraza. Baridi iliingia. Kutoka hapa kwangu Beltway haisikiki, kuna maegesho ya magari tu na miti mitatu iliyokwisha majani, na chini yake majani yenyewe, makavu. Jina lile nimelibeba tangu utotoni na sikuwahi kulitamka kwa sauti ya kuita. Niliita. Sauti iliyotoka ilikuwa ya bibi, ya kuita ng'ombe. Mbwa wa mtu akabweka. Nikasimama nikisikiliza majani yale, na nakuapia sijui nilitaka kusikia au kutosikia.

"Ita tena," mama akasema ndani. Nikaita tena.

Niligeuka nikamkuta binti yangu amesimama, vidude amevitoa masikioni, ananitazama machoni. Na mtoto huyu, ambaye tangu aanze shule hajanijibu neno ila kwa Kiingereza, aliniuliza kwa Kiswahili.

"Mama, Kulwa ni nani?"

Nikakumbuka kwamba sikuwahi kumwambia. Mlango nikauacha wazi. Nilimvutia kiti, na mama akasogea, akaacha nafasi kati yake na mimi. Nikakaa, nikaokota ganda refu pale liliposukumwa, nikaanza upya kuzungusha uzio.